Usitembee peke yako: kanuni za kambi ya Gombe zilitoka wapi?

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu mmoja niliyesoma naye chuo alinitumia karatasi nne na ujumbe mfupi: "Hebu soma hizi, halafu uniambie kama siendi jela." Dada huyu amepata nafasi ya kujitolea kwa miezi sita kwenye hifadhi moja ya wanyama. Mshahara hakuna. Atapewa kitanda, chandarua na chakula, na ataishi humo humo ndani ya hifadhi. Zile karatasi nne ni kanuni za mwenendo wake. Usiingie msituni peke yako. Ukipata mafua au kikohozi, baki kambini na utoe taarifa. Usile mbele ya wanyama. Usimpe mnyama chakula, usimguse, na hata yeye akikusogelea rudi nyuma. Usiache nguo wala sabuni nje. Usialike mgeni bila kibali. Neno la mwenyeji wako msituni ndilo la mwisho, hata kama wewe una digrii na yeye hana.

Nilicheka. Zinafanana kabisa na kanuni za bweni la sekondari, imekosekana tu zamu ya kufyeka nyasi. Lakini kazi hii ya uandishi imenipa ugonjwa mmoja: nikiona kanuni yoyote imebandikwa ukutani, huwa najiuliza ni nani aliumia mpaka ikaandikwa. Hakuna mtu anayekaa chini akaandika "usimpe sokwe ndizi" kama hakuna aliyewahi kumpa. Basi nikaanza kufukua, na kufukua kwenyewe kukanipeleka Kigoma.

Gombe wengi wetu tunaijua kwa jina la mtu mmoja tu, Jane Goodall, yule mama wa Kiingereza aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Shuleni tulifundishwa kwamba alikwenda porini peke yake akakaa na sokwe. Hiyo "peke yake" ndiyo iliyonishika. Kwa sababu ukisoma alichoandika mwenyewe, kanuni ya kwanza kabisa aliyowekewa ilikuwa inasema hivi: hutakwenda peke yako.

Mwaka 1960 Tanganyika bado ilikuwa chini ya Waingereza. Gombe ilikuwa imefanywa pori la akiba tangu 1943, kipande kidogo cha milima na mabonde kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma. Goodall alikuwa na miaka 26, hana digrii. Louis Leakey, yule mchimbaji wa mafuvu aliyekuwa Nairobi, ndiye aliyemwamini akamtafutia fedha, dola 3,000 kutoka kwa Mmarekani mmoja mwenye kiwanda cha zana. Serikali ya kikoloni ikakataa. Msichana wa Kizungu kukaa porini pekee? Haiwezekani. Mpaka awe na mwenzake. Mwenzake akawa mama yake mzazi, Vanne. Watu tunasimulia habari hii kama kichekesho, mtafiti mashuhuri kusindikizwa na mama, lakini mama yule hakukaa bure. Alifungua kijizahanati pale ufukweni, akawa anawatibu wavuvi vidonda na homa kwa dawa chache alizokuja nazo. Kama kuna mtu wa kwanza wa kujitolea katika historia ya Gombe, mimi nasema ni yule mama, si mwanawe.

Walipofika Kigoma mwezi Julai wakakuta mji umejaa wakimbizi wa Kibelgiji. Kongo ilikuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni, mambo yakaharibika mara moja, na Wabelgiji walikuwa wanavuka ziwa kwa meli na mashua. Safari ya Gombe ikasimama. Mama na mwana wakapiga hema lao kwenye uwanja wa gereza la Kigoma na wakajiunga na watu wa mji kutengeneza mikate ya nyama ya kopo kwa ajili ya wakimbizi, mikate 2,000. Shikilia jambo hilo, kwamba lile ziwa lina upande wa pili. Tutalirudia.

Tarehe 14 Julai wakaingia Gombe. Huko nako kukawa na sharti jingine: akipanda mlimani lazima aongozane na askari wa wanyamapori. Na si serikali tu iliyotaka kumwekea mtu. Wanakijiji wa jirani hawakumwamini hata kidogo. Pori lile lilikuwa ardhi waliyoitamani irudi mikononi mwao, na sasa kaja Mzungu na darubini anasema anataka kuwatazama sokwe. Kutazama tu? Nani huyo wa kudanganywa? Wakaona ni jasusi wa serikali, atakayeandika kwamba sokwe ni wengi sana ili pori lisirudishwe kamwe. Goodall anasimulia katika kitabu chake cha mwaka 1971 kwamba mzee mkubwa wa Mwamgongo alitaka mwanawe aandamane naye, ahakikishe kwamba akiona sokwe mmoja haandiki kumi. Kijana mwenyewe alipooneshwa vilima watakavyopanda akapata udhuru. Inaonekana alidhani hesabu itafanyika kutoka kwenye mashua.

Naipenda sana habari hii. Kila mara tunazungumza juu ya kanuni ambazo hifadhi inamwekea mgeni, lakini mzee wa Mwamgongo alikuwa na kanuni yake, na ilikuwa na akili: mgeni asiandike habari za kwetu bila mtu wetu kuwepo. Haikuandikwa popote. Ilichukua miaka kama kumi na watu kufa mpaka Gombe ikafika mahali pale pale alipokuwa amesimama yule mzee.

Kwa sababu baada ya miezi michache sharti la kusindikizwa lililegea. Vanne akarudi Uingereza. Goodall akaanza kupanda vilima peke yake, na hapo ndipo umaarufu ukazaliwa. Mwezi Novemba 1960 akamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akichokonoa mchwa kwa ujani, akiutoa na kulamba. Ilikuwa habari ya dunia nzima, maana vitabu vilikuwa vinasema binadamu peke yake ndiye mwenye kutengeneza na kutumia zana. Utaratibu wa kusindikizwa ukaonekana ni ukiritimba wa kikoloni uliokuwa unachelewesha kazi. Na kusema kweli, kwa wakati ule ulikuwa hivyo.

Sasa njoo kwenye ndizi.

Huyo huyo David Greybeard alianza kuja kambini kula matunda ya mchikichi uliokuwa pale, siku moja akaona ndizi mezani, akachukua. Goodall akafurahi. Unamfuata mnyama milimani miezi na miezi, halafu anakuja mwenyewe mpaka mlangoni! Akaagiza ndizi ziwe zinawekwa. David akaja na wenzake, wenzake wakaja na wenzao, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 palikuwa na kituo kamili cha kulishia, chenye masanduku maalumu ya kufungwa na kufunguliwa kwa mbali. Sokwe wakavamia mahema, wakachukua nguo na mablanketi kwenda kutafuna. Nyani nao wakasikia harufu. Ugomvi ukazidi, maana chakula cha msituni kimetawanyika lakini ndizi ziko mahali pamoja, na mwenye nguvu ndiye anayekula. Goodall mwenyewe alikuja kuandika kwamba ulishaji ule ulibadilisha tabia za wanyama, wakapunguza kwa kiasi kikubwa mwishoni mwa muongo huo, na baadaye ukaachwa kabisa.

Na kugusana. Zipo picha mashuhuri za mtoto wa sokwe akinyosha mkono kuugusa mkono wa Goodall. Ni picha nzuri. Leo mtu wa kujitolea akipiga picha kama hiyo anafungishwa mizigo. Siku zile watu waliokuwa Gombe waliwachezesha wale watoto, wakawatekenya, na hawakuona kosa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuishi na sokwe wa porini kwa ukaribu ule. Kanuni ingetoka wapi?

Mwaka 1966 ikatoka. Polio ilikuwa imeingia katika eneo la Kigoma, ikapita kwa binadamu, kisha sokwe wa Gombe wakaanza kuonekana mmoja mkono umelegea, mwingine miguu inaburuzwa. Wengine wakafa, wengine wakabaki walemavu. Dume mzee waliyemwita McGregor alipooza miguu yote miwili, akawa anajivuta kwa mikono chini, na mwishowe ikabidi apigwe risasi. Chanjo ilitafutwa haraka ikawekwa ndani ya ndizi. Yaani ndizi zile zile. Hapo ndipo walipoelewa kwamba maradhi yetu ni maradhi yao. Ule mstari kwenye karatasi za rafiki yangu unaosema "ukiwa na mafua usitoke kambini" watu huusoma kama uzembe wa utawala, kwamba mafua nayo ni ugonjwa? Kwa sokwe ni ugonjwa wa kuua. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu uliua sokwe kadhaa pale pale Gombe. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi katika msitu wa Taï, Ivory Coast, walithibitisha kwa vipimo vya maabara kwamba virusi vilivyowaua sokwe wa kule vilikuwa virusi vya binadamu. Waliovipeleka huko ni watafiti, watalii au majangili, na si ajabu aliyekuwa na mapenzi zaidi ndiye aliyesogea karibu zaidi.

Tuje kwa vijana sasa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 kambi ilianza kupokea wasaidizi kutoka nje, vijana waliokuja kwa posho ndogo au bila posho. Mwanzoni kazi yao kubwa ilikuwa mashine ya chapa: mchana wanaandika au wanarekodi sauti wakiangalia sokwe, usiku wanapiga chapa kwa mwanga wa taa ya mafuta. Mwaka 1968 Gombe ikapandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Miaka ya mwanzo ya 1970 Goodall akawa anafundisha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na ukaanzishwa mpango wa wanafunzi kuja kukaa miezi kadhaa. Wengi wao hawakuwa hata na shahada ya kwanza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wakaanza kuja. Ni kijiji kidogo cha vijana kwenye vibanda vya bati na nyasi msituni, wanakutana jioni kula pamoja na kubishana. Nikisoma kumbukumbu zao naona wivu kidogo.

Lakini kabla ya Stanford kuja na watu wengi kulitokea msiba. Mwishoni mwa miaka ya 1960 msichana mmoja wa Kimarekani, aliyekuwa miongoni mwa hao wasaidizi, alitoka asubuhi kufuata sokwe. Alikuwa peke yake kama ilivyokuwa desturi. Hakurudi. Walimtafuta kwa siku kadhaa, mpaka mwili wake ulipoonekana chini ya genge refu. Aliteleza, au nyasi zilificha ukingo, hakuna aliyekuwepo wa kusimulia. Alizikwa Gombe. Wazazi wake waliona hapo ndipo alipopapenda.

Baada ya msiba huo ikawekwa kanuni: hakuna mgeni atakayeingia msituni bila Mtanzania. Sababu ni usalama tu. Mwenyeji anajua njia, anajua genge liko wapi, na likitokea la kutokea atakimbia kuita watu. Kwa maneno mengine Mtanzania aliwekwa pale kama kamba ya kumfunga mgeni asianguke. Hakuna aliyewaza kwamba ataandika chochote.

Ila mtu huwezi kumpeleka msituni kila siku, kuanzia sokwe wanapoamka kwenye viota mpaka wanapolala, halafu ukategemea asijue kitu. Wanaume wa vijiji vya jirani waliochukuliwa kwa kazi hiyo, akina Hilali Matama, Eslom Mpongo, Hamisi Mkono, Yahaya Almasi, walikuwa wakiwatambua sokwe kwa mgongo, kwa kikohozi, kwa jinsi tawi linavyotikisika. Mgeni anakaa miezi sita anaondoka kwenda kuandika tasnifu. Yeye anabaki. Anakuja mgeni mwingine, na huyo naye anafundishwa nani ni nani. Na nani anayemfundisha? Ni yule yule "kamba".

Januari 1974 Hilali Matama alikuwa msituni alipoona jambo ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliona kabla yake. Kundi la sokwe wa Kasakela lilipenya kimya kimya kwenda kusini, eneo la waliojitenga wa Kahama, likamkuta dume mmoja aitwaye Godi akila peke yake, likamkamata na kumpiga vibaya sana. Godi hakuonekana tena. Huo ndio mwanzo wa vile vita vya miaka minne, 1974 mpaka 1978, ambavyo mwishowe madume wote wa Kahama walikwisha. Wataalamu waligombana kwa miaka juu ya habari ile. Wengine walisema ni matokeo ya ndizi za kambini, tabia za kawaida za sokwe haziko hivyo. Mwaka 2014 jarida la Nature likachapa uchambuzi wa jamii 18 za sokwe ukionesha kwamba mauaji hayo hayaelezeki kwa kuingiliwa na binadamu. Miaka 40 ya ubishi, kwa sehemu kubwa kwa sababu kambi ilianza bila kanuni juu ya chakula! Na shahidi wa kwanza wa jambo lenyewe alikuwa mtu aliyeajiriwa ili wazungu wasianguke magengeni.

Nilisema tutalirudia ziwa. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu 40 wenye silaha walifika ufukweni Gombe kwa mashua kutoka ng'ambo, Zaire. Walikuwa wapiganaji wa chama cha PRP waliokuwa na ngome yao katika milima ya Fizi, na kiongozi wao aliitwa Laurent Kabila. Ndiyo, huyo huyo aliyekuja kuwa rais mwaka 1997 na kuuawa Januari 2001. Wakawachukua vijana wanne, watatu wa Stanford na mmoja Mholanzi, wakavuka nao ziwa.

Ningependa tukumbuke zaidi waliobaki. Rashidi Kikwale, aliyekuwa na Goodall tangu mwaka ule wa 1960, alipigwa kichwani aoneshe wageni wengine walikolala. Hakusema. Wanawake wawili wa Kitanzania, mmoja mtumishi wa hifadhi na mwingine mwanafunzi wa Mlimani, walipita gizani kibanda kwa kibanda wakiwanong'oneza watu watoke wajifiche. Kanuni ya "usiende bila mwenyeji" ilitungwa kwa ajili ya magenge na mvua. Usiku ule ilifanya kazi ambayo mtungaji hakuiota.

Watekaji walidai fedha, silaha, na kuachiwa kwa wenzao waliokuwa wameshikiliwa Tanzania. Mmoja wa mateka waliachiwa kwanza, kiasi cha wiki moja baadaye, alete barua za madai. Wa mwisho alirudi Julai. Wote walirudi hai. Balozi wa Marekani Dar es Salaam, Beverly Carter, alisaidia mazungumzo, na kwa kufanya hivyo akamuudhi Henry Kissinger, maana msimamo wa Washington ulikuwa kutojadiliana na watekaji. Carter alikuwa atumwe Denmark, akanyimwa. Habari za ubalozi zina mambo yake, leo tuziache hapo.

Tuliyonayo ni kambi tupu. Stanford ikaacha kupeleka wanafunzi. Wageni wakaondolewa, eneo likahesabiwa ni la hatari, hata Goodall mwenyewe akawa anakwenda kwa vibali na kwa siku chache chache. Mtu yeyote angetegemea utafiti ufe. Angalia: watu wote wenye shahada wameondoka, wote wa kujitolea wameondoka, pesa za chuo zimeondoka.

Haukufa. Kina Hilali na wenzake waliendelea kupanda vilima. Walikuwa tayari wanajua kujaza zile karatasi za kuhesabu nani yuko na nani, amekula nini, saa ngapi. Sasa wakaanza kuandika na maelezo yote ya siku, ukurasa baada ya ukurasa. Ni wao walioshuhudia sehemu kubwa ya vita vya Kahama. Ni wao pia waliosimulia kisa cha kutisha cha Passion na bintiye Pom, majike waliokuwa wakinyang'anya vichanga vya wenzao na kuvila. Kitabu kikubwa cha kisayansi alichotoa Goodall mwaka 1986 kimesimama juu ya kazi hiyo, na yeye mwenyewe hakuficha, aliwataja na kuwashukuru.

Na hiyo kazi waliiandika kwa lugha gani? Kwa Kiswahili. Kumbukumbu za kila siku za sokwe wa Gombe, mojawapo ya kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani za wanyama wa porini, zimeandikwa kwa Kiswahili tangu miaka ile ya 1970. Nakala zilipelekwa Chuo Kikuu cha Minnesota na baadaye Duke, na huko wakatafutwa watu wa kutafsiri kwenda Kiingereza ili maprofesa wasome. Mara ya kwanza nilipolisoma jambo hili nilisimama nikazunguka chumba. Sisi tunaambiwa kila siku kwamba Kiswahili hakiwezi sayansi, tunalumbana bungeni na magazetini, kumbe kule Kasakela kuna mzee wa Kiha ameandika sayansi kwa Kiswahili nusu ya maisha yake, na Wamarekani ndio waliotafuta mkalimani!

Ili uone kwamba haikuwa lazima iwe hivyo, vuka mpaka uende Rwanda. Dian Fossey, naye aliyetumwa na Leakey, alifungua kambi ya Karisoke Septemba 1967 kuchunguza gorila wa milimani. Naye alipokea wanafunzi wa kuishi kambini, naye alikuwa na kanuni, tena kali. Mojawapo ilikuwa kinyume kabisa na ya Gombe: gorila wazoeshwe watafiti Wazungu tu. Wafuatiliaji wa Kinyarwanda waoneshe njia, wakikaribia wabaki nyuma wasionekane. Hoja yake ilikuwa kwamba majangili ni Waafrika, gorila akimzoea Mwafrika atamwamini jangili. Unaweza kuielewa hofu yake, maana majangili walikuwa wameua gorila aliowapenda, na yeye mwenyewe aliuawa kambini humo Desemba 1985. Lakini tazama kanuni hiyo inamfundisha nini mgeni kijana anayefika kutoka ng'ambo, kwamba mtu aliyemleta mpaka pale ni wa kufichwa vichakani. Baada ya kifo chake mambo yalibadilika, na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yalipoivunja kambi, wafuatiliaji hao hao wa Kinyarwanda ndio waliorudi kuwatafuta gorila.

Siandiki haya ili kuipamba Gombe. Mgeni wa kujitolea alitoka pale na shahada, na wengine wakawa maprofesa wakubwa. Msaidizi alitoka na mshahara na jina kwenye ukurasa wa shukrani. Ilichukua miaka mingi mpaka Watanzania wenye shahada za uzamivu, kama Shadrack Kamenya na Deus Mjungu, wakaongoza utafiti wenyewe. Na yule mgeni leo ana karatasi nyingi kuliko zamani: kibali cha ukaazi daraja C cha mtu wa kujitolea au mtafiti, kibali cha COSTECH kama anakusanya takwimu, TAWIRI, TANAPA, barakoa, mita 10 kati yake na sokwe. Vijana wanalalamika kwamba ni urasimu. Mwingine kweli ni urasimu, nimesubiri vibali vya serikali mimi mwenyewe nikajua maana ya benchi. Lakini ule wa mita 10 una McGregor nyuma yake, akijivuta kwa mikono.

Nilimwandikia rafiki yangu karibu yote haya, kwa ufupi kidogo. Alijibu kesho yake. Anasema ameanza kuzielewa kanuni, hata ile ya sabuni, na ameambiwa mtu atakayekuwa anatembea naye ni mzee mwenye miaka 22 kwenye kazi. Kisha akauliza kama nimeona kwenye zile karatasi nne panaposema, wakiwa msituni wawili, nani anashika daftari.

Nimezisoma tena mara mbili. Hapapo.